Majira ya Joto Niliyokuwa Ombeni

Jumatatu, 2 Juni. Louisville.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia nusu tu. Kwa wiki mbili sasa mimi ndiye kaka yangu.

Simu ya Ombeni iko chini ya godoro langu. Mama akimwandikia, mimi najibu. Akimtumia ujumbe wa sauti, naingia bafuni, nafunga mlango, nafungua bomba, nasikiliza. Mara nyingine anausema ujumbe huo akiwa jikoni, kwa hiyo nausikia mara mbili: kwanza kupitia ukuta, halafu sikioni. Sijibu kwa sauti kamwe. Naandika tu. Mama akiuliza kwa nini Ombeni hasemi, Ombeni anaandika kwamba kazini kuna kelele.

Mama anaamini Ombeni yuko Columbus, Ohio, anapakia masanduku kwenye ghala pamoja na vijana wengine wa kwetu. Ombeni yuko Georgia. Amejiunga na jeshi la Marekani, na mpaka Oktoba yuko mafunzoni. Simu ni dakika chache za Jumapili, na hizo anaazima kwa mwenzake ili anipigie mimi. Ya kwake aliniachia.

“We jibu kidogo tu,” aliniambia. “Nikimaliza nitamwambia mwenyewe. Saa hii akijua atakufa.”

Labda ni kweli. Baba yetu, Cikuru, alichukuliwa na askari kule kwetu, wilayani Walungu, abebe mizigo yao. Nilikuwa na miaka miwili. Hakurudi. Tangu hapo Mama halitaji neno “askari” ndani ya nyumba, anasema “wale”. Dukani akiona mtu mwenye sare kwenye foleni yetu, anahamia foleni nyingine hata kama ni ndefu mara mbili.

Nimemaliza shule tarehe 23 Mei. Nina cheti, kofia yenye uzi, na hakuna mtu wa kuzungumza naye. Ndiyo maana naandika.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi yangu ya ghalani, hapahapa Louisville. Joto. Mama ameuliza kama Ombeni anakula. Nimejibu kwamba anakula sana.

Jumapili, 8 Juni

Ombeni amepiga baada ya ibada. Sauti yake imekwaruza.

“Hapa wanatupigia kelele toka asubuhi. Dada, Mama yetu ni mpole, sikujua!”

“Anauliza unakaa na nani.”

“Mwambie na watu sitini.” Akacheka. “Na sijadanganya sana, unajua. Karibu na kambi kuna mji mwingine unaoitwa Columbus.”

Mimi sikucheka.

Lakini leo nzima nimekumbuka majira yale ya baridi tuliyofika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na tatu. Mwalimu wake alimpa kitabu cha picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa kuwa hakuweza kusoma kitu kingine. Farasi, mizinga, ngoma, majenerali wenye ndevu. Tulilala kifudifudi karibu na hita na kukisoma kwa vidole. Kiingereza changu kilianzia humo: nilijua kusema “rudini nyuma” kabla sijajua kusema “friji”.

Halafu tukaanza kupigana kwa maharage. Mekundu walikuwa Kusini, meupe walikuwa Kaskazini. Ombeni alitaka kuwa Grant, jenerali wa Kaskazini, siku zote, kwa sababu Grant alishindwa kila kazi kabla ya vita na watu wakamdharau. Mimi nilipewa Lee, jenerali wa Kusini. Kila Jumamosi nilisalimu amri kwenye meza ya kulia, kwa heshima, na Grant akaniruhusu kuondoka na farasi wangu. Jioni moja Mama alirudi kutoka kazini na njaa, akayapika majeshi yote mawili.

Nilikuwa na furaha wakati ule, ila sikuitambua; nilidhani ni baridi tu.

Jumamosi, 14 Juni

Sijatoka. Nimetandika kitanda cha Ombeni, kisha nikakikalia, nikakitandika tena.

Nimekumbuka Perryville. Alipopata gari lake la kwanza, lile lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, tulikwenda huko kusini kuuona uwanja wa vita. Ni vilima vya majani tu. Alinionyesha mahali majeshi mawili yalipokutana Oktoba ya mwaka 1862, ukame mkali, watu wakigombea vidimbwi vya maji machafu. Kisha akanielekeza kwa kidole mbali, nyuma ya vilima. Kule, akasema, ndiko Jenerali Buell wa Kaskazini alikokuwa, maili mbili na kitu tu, na sehemu kubwa ya mchana hakujua kwamba watu wake wanakufa. Upepo na vilima vilikuwa vimeimeza sauti ya mizinga.

“Jenerali gani hasikii vita vyake?” nilimwuliza.

“Alikuwa amekaa mahali pabaya tu.”

Leo Mama alikuwa anaimba jikoni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na simu ya mwanawe mkononi. Nilifikiri: Mama ndiye Buell.

Jumatano, 18 Juni

Miguu ya Mama imevimba tena. Anasimama siku nzima kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwageuza. Nilitaka kumwambia aiweke juu ya mto. Kwa mdomo siwezi, ndiyo kawaida yangu. Nikaenda chumbani, nikamwandikia kama Ombeni: *Mama, umekula? Miguu imepoa? Iweke juu ya mto.*

Kupitia mlango nilimwona akisoma, akatabasamu, akachukua mto.

Jumamosi, 21 Juni

Balaa.

Mama Nyirabeza amekuja. Yeye ndiye rais wa kwaya yetu, na kitu ambacho Mama Nyirabeza hakijui bado hakijatokea. Walikuwa sebuleni na chai. Mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, jikoni.

“Generoza, lete ile simu nisome tena,” akamwambia Mama, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo “njo” ni “ndiyo”. “‘Umekula? Miguu imepoa?’ Eh! Ombeni njo anaandika hivi? Ombeni ule alisahauka mama yake kwa soko?”

“Mi nilizani Columbus imemukomaza,” Mama akasema.

“Columbus haikomazake mutu. Iyi ni mukono ya mwanamuke. Donc, mutoto yako iko na binti kule, na binti njo anamuandikiaka.”

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu: Mama akicheka mpaka anakohoa.

“Njo maana hasemake!”

“Binti ya heshima,” Mama Nyirabeza akasema. “Anaulizia miguu ya mukwe mbele ya kuulizia mali. Usimuachilie.”

Sombe yote iliniponyoka.

Baadaye ukaja ujumbe. Nilifungua bomba nikasikiliza: “Ombeni, mi sina kasirani. Kama kuko binti, sema tu. Na weye binti, kama unanisikia, aksanti kwa miguu yangu.”

Nikajibu: *Hakuna mtu, Mama.*

Akaandika: *Njo vile banasemaka bote.*

Jumatatu, 23 Juni

Kazi. Mvua. Mama anaimba.

Ijumaa, 4 Julai

Fataki usiku na mchana. Mama amekaa bafuni na redio, mlango umefungwa. Leo sikuwa na mahali pa kusikilizia.

Jumapili, 6 Julai

Mama hamtumii Ombeni ujumbe tena. Anamtumia yule binti.

Anaanza hivi: “Binti, jina yako sijui, lakini niko nakuheshimu.” Kisha anasema, anasema. Anamweleza jinsi Ombeni alivyozaliwa njiani, siku ya mvua, akatokea akiwa amekunja ngumi. Anamweleza sombe yake inavyopikwa, na kwamba mawese ya hapa si mawese. Mimi nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, maji yanapita bure, namsikiliza mama yangu akizungumza na yule binti zaidi ya alivyowahi kuzungumza na mimi.

Ujumbe wa leo nimeusikiliza mara tatu. Nauandika hapa ili nisiupoteze:

“Niko na binti yangu mwenyewe hapa ndani. Chimène. Ana aibu. Na mi pia niko na aibu kwake. Shule imemupeleka mbali, anajua bintu mingi, na mi sijue nitaanzia wapi. Anapita hapa kama mugeni mwenye adabu. Weye ukikuja utakuwa dada yake. Utanisaidia kusema naye.”

Niliandika: *Anakupenda, Mama. Hajui tu pa kuanzia.*

Akajibu kwa sauti, polepole: “Unamujua aje?”

Nilizima simu.

Jumamosi, 12 Julai

Vijana wa kwaya walikwenda kununua viatu kwenye maduka ya Simpsonville, kama nusu saa kutoka hapa. Basi la kanisa linaendeshwa na Bwana Telesphory, Mtanzania kutoka Bukoba, ambaye hutucheka Kiswahili chetu kutoka asubuhi hadi jioni. Wenzangu waliposhuka, mimi nilibaki. Nilimwomba, kwa sauti ambayo aliomba niirudie, kama tungeweza kwenda hadi kwenye makaburi yaliyo kando ya barabara ya zamani.

“Makaburi! Wenzako wanatafuta raba, wewe unatafuta marehemu?”

“Ni askari, shikamoo.”

“Marahaba. Unaniamkia katikati ya safari? Haya, twende.”

Ombeni hakuwahi kunileta hapa. Kitabu chake hakikuwa na picha yao. Ni mawe meupe ishirini na mawili kwenye majani, magari yakipita. Nilikuwa nimesoma habari zao maktaba. Januari ya 1865, askari weusi wa Kaskazini, wapanda farasi, wengi wao walikuwa watumwa mwaka mmoja tu kabla, walikuwa wakiswaga ng’ombe kama mia tisa kutoka kambi yao ya Camp Nelson kwenda Louisville. Wapiganaji wa msituni wa upande wa Kusini waliwavamia wale waliokuwa nyuma ya kundi. Ishirini na wawili wakafa palepale.

Lakini kilichonikaa ni jambo la kabla ya hapo. Wanaume wale walipojiandikisha, wake na watoto wao waliwafuata hadi kambini, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Novemba, siku ya baridi kali, kamanda wa kambi aliamuru familia zitupwe nje na vibanda vyao vibomolewe. Wengi walikufa, hasa watoto. Baadaye serikali iliona aibu, ikawajengea makazi ya wakimbizi. Neno lenyewe lilikuwa hilo: wakimbizi. Nilipolisoma maktaba niligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Bwana Telesphory alivua kofia.

“Mimi nilikaa jeshi la kujenga taifa kule Kigoma,” akasema. “Nilishika jembe kuliko bunduki. Ila mama yangu alilia kana kwamba nakwenda kupigana na Idi Amin peke yangu.”

“Ulimwambia kabla ya kwenda?”

“Ningeanzaje kutomwambia? Nani angenifulia nguo?” Akacheka, kisha akaacha. “Kwa nini unauliza?”

“Basi tu.”

Njia nzima nilikuwa nafikiri. Miaka minane mimi na Ombeni tumejua Grant alivuta sigara za namna gani. Hatukuwahi kuuliza nani alikuwa anawangoja wale maharage nyumbani.

Jumapili, 20 Julai

Imetangazwa kanisani. Kwaya itasafiri: Ijumaa ya tarehe 8 Agosti tunalala Columbus kwa kanisa rafiki, Jumamosi tunaendelea Buffalo, Jumapili tunaimba huko. Buffalo mimi na Mama tutafikia kwa mama mdogo Rakeli, anayekaa Kenmore, pembeni mwa mji.

Mama alisimama mbele ya watu wote, yeye asiyesimamaga, akasema anaomba maombi kwa sababu atakwenda kumwona mkwe.

Kanisa likapiga makofi.

Jumanne, 22 Julai

Mama amenunua kitenge. Kijani, chenye ndege wa manjano. Amenilazimisha nijipime, kwa kuwa “bote banakuwaka na kimo kimoja siku iyi”. Nilisimama mbele ya kioo nimevikwa nguo ya mkwe wake. “Itamufaa,” akasema. Hakuniangalia usoni, aliangalia kitenge.

Alhamisi, 24 Julai

Ombeni ameandika kwamba siku hiyo atakuwa kazini.

Mama amejibu kwamba atangoja kwenye mlango wa kazi.

Jumapili, 27 Julai

Amepiga. Nilimwambia kila kitu haraka haraka: binti, kitenge, makofi.

Alicheka mpaka mwenzake akamwuliza kuna nini. Kisha akaona sicheki.

“Vumilia, dada. Hata Grant kule Shiloh, siku ya kwanza ya mapigano kila mtu alisema amekwisha, akakaa kwenye mvua akangoja kesho...”

“Usiniletee Grant.”

“We?”

“Grant hakumwachia dada yake simu!”

Sijawahi kumjibu hivyo. Nyuma yake nilimsikia mtu akipaza sauti za amri.

“Naogopa, Chimène,” akasema. “Huku siogopi kitu. Namwogopa yeye.”

Muda ukaisha.

Jumatano, 30 Julai

Kazi. Joto. Sijala.

Jumapili, 3 Agosti

Leo hakupiga.

Ijumaa, 8 Agosti. Columbus.

Basi lilikuwa na watu ishirini na wanane na vyungu sita. Bwana Telesphory alituuliza kama tunahamia.

“We endesha tu, baba,” Mama Nyirabeza akamwambia. “Ukisikia njaa utatujua.”

Waliimba hadi Cincinnati, wakalala, wakaamka wakaimba tena. Mama alikaa karibu nami, mfuko wa kitenge mapajani. Mahindi yalikuwa marefu pande zote mbili. Nilikuwa naomba basi liharibike, nikatubu, nikaomba tena.

Jumamosi, 9 Agosti. Asubuhi Columbus, jioni Kenmore.

Nitaandika yote.

Tulipokunywa chai katika ukumbi wa kanisa, Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka. Akatoa simu. “Bon, namuita.” Mama Nyirabeza na wengine wakanyamaza wasikie.

Mfuko wangu ukaanza kutetemeka juu ya goti langu. Nilikuwa nimezima mlio wa simu ya Ombeni, lakini mtetemo sikuuzima. Iliita, ikakata. Mama akapiga tena. Ukatetemeka tena. Nilimwona anaanza kupata aibu mbele ya wenzake, anatabasamu tabasamu lile la kuomba radhi ambalo hulitumia kwa watu wa ofisini.

Hilo sikuliweza.

“Mama, tutembee kidogo,” nikasema. Watu wakageuka kuona nani amesema.

Mahali pekee nilipopajua katika mji ule ni makaburi ya Camp Chase, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hayako mbali na kanisa lile. Ukuta wa mawe, mawe meupe zaidi ya elfu mbili, na mnara wa askari amesimama juu ya tao. Mama alisita langoni.

“Hawa njo banani?”

“Wafungwa, Mama. Wale wa Kusini, walioshindwa. Waliletwa hapa wakafa kwa ndui na njaa na baridi.”

“Balikuwa bazuri ao babaya?”

“Walipigania utumwa uendelee.”

Akatembea kidogo kati ya mistari, akitafuta kwenye mawe miaka ambayo haikuandikwa. “Na bamama yabo balijua biko hapa?”

“Wengine hawakujua.”

Hapo nilisimama. Jua lilikuwa limechomoza vizuri na nyasi zilikuwa na maji. Nikatoa simu ya Ombeni, nikaishika mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

“Hakuna binti, Mama. Ni mimi.”

Aliitazama simu. Iliandika kwamba Mama amepiga mara mbili.

“Ni weye njo uliuliza miguu yangu?”

“Ndiyo.”

“Na mambo yote nilikuwa nasema...”

“Nilisikia yote.”

Uso wake ulibadilika mara nyingi. Kwanza nilidhani atacheka. Kisha akauliza lile nililoliogopa tangu Mei.

“Na Ombeni iko wapi?”

“Yuko kwa wale, Mama. Wa hapa. Anajifunza. Yuko mzima.”

Alikaa chini. Mama yangu, na nguo yake ya Pasaka, kwenye nyasi zenye maji. Nilingoja apige kelele. Nilingoja ataje jina la Baba. Aling’oa majani machache, akayaweka chini.

“Nani alimusindikiza?”

Sikuelewa.

“Siku alienda. Nani alimusindikiza?”

“Mimi.”

“Mupaka wapi?”

“Kituo cha basi.”

“Nani aligeuka kwanza, weye ao basi?”

Nilifikiri. “Basi. Mimi nilibaki nimesimama.”

Akatikisa kichwa polepole, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia yule binti. Siku wale walipomchukua Baba yeye alikuwa shambani. Kwetu mtu haagwi mlangoni. Unatoka naye, unambebea mzigo, unazungumza naye ya bure, mpaka mahali njia inapopinda, na hapo ndipo unarudi. Asiyesindikizwa hajui njia ya kurudia. Miaka kumi na sita amemlilia Baba, lakini si kwa kuwa alichukuliwa tu. Alimlilia kwa kuwa alitoka peke yake, bila hata hatua moja ya mtu wake.

“Bunduki naiogopa, ndiyo,” akasema. “Lakini Ombeni alinipita kwa mulango yangu kama mwizi. Na weye ulimushikia mulango.”

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali.

Tuliporudi, Mama Nyirabeza alikuwa langoni. “Aloo, binti iko wapi? Tumemungoja na vyungu!”

Mama akapangusa magoti yake.

“Binti ana aibu,” akasema. “Hajazoea bantu mingi.”

Haikuwa uongo.

Ndani ya basi alikaa mbele, karibu na Bwana Telesphory, na hakunitazama hadi tulipoona ziwa. Mfuko wa kitenge aliuacha kwenye kiti kando yangu. Sijui kama alisahau.

Jumapili, 10 Agosti. Buffalo.

Tuliimba vizuri. Sauti ya Mama ilikuwa juu kuliko zote.

Mchana mama mdogo Rakeli alitupeleka ziwani, kisha akaenda zamu yake kiwandani Tonawanda, akatuacha hadi mumewe aje kutuchukua. Mama alikuwa bado haongei nami. Tulikaa kwenye benchi. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi ingawa ni Agosti. Nikafanya kitu nisichokifanyaga: nikaanza mimi.

Nilimwambia kwamba mji huu uliwahi kuchomwa. Mwisho wa Desemba, 1813, Waingereza na washirika wao walivuka usiku mto unaotoka kwenye ziwa hili, wanamgambo wa hapa wakakimbia, na nyumba karibu zote zikageuzwa majivu. Akina mama walibeba watoto kwenye theluji, kwa mikokoteni na kwa miguu, bila kujua waendako. Mama mmoja alikataa kutoka nyumbani kwake, akauawa mlangoni akitetea vitu vyake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo hata hawa balikimbia,” akasema.

“Hata hawa.”

“Na balirudi?”

“Walirudi. Wakajenga tena.”

Akatazama maghorofa. “Endelea,” akasema. “Nambie ingine.”

Nikamweleza Perryville. Nikamweleza maharage, na kwamba yale aliyoyapika yalikuwa majeshi mawili. Akacheka, akanipiga begani. Nikamweleza wale waliokuwa wakiswaga ng’ombe, na watoto waliotupwa nje ya kambi. Aliniuliza kama wale wanaume walijua habari za watoto wao wakati wanaswaga. Nikasema nadhani walijua.

Saa ileile simu yangu ikaita. Namba ya Georgia.

Nilimtazama Mama. Aliweka kidole mdomoni, akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Nikaweka sauti ya nje.

“Dada! Nisamehe Jumapili iliyopita, walitunyima. Mmefika Columbus? Mama amesemaje?”

“Hakukukuta,” nikasema.

“Alikasirika?”

“Kidogo.”

“Sikia. Nimeanza kujifunza maneno. Oktoba nikitoka nakuja moja kwa moja Louisville. Nitasema: ‘Mama, kaa kwanza.’ Halafu nitapiga magoti. Halafu nitasema... hapo ndipo nakwama. Naanza na Baba ao naanza na mimi?”

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alikuwa anasikiliza sauti ya mwanawe kama mtu anayekula baada ya kufunga.

“Anza na salamu,” nikasema.

“Nikisema vibaya je?”

“Jaribu tena hapo.”

Akajaribu. Akasema, “Mama, shikamoo, niko hapa mbele yako, nilikwenda bila kukuaga.” Kisha akauliza: “Ni mbaya?”

“Si mbaya,” nikasema. Ilinibidi nitazame maji.

Alipokata nilimpa Mama simu. “Mpigie. Labda bado anayo ya mwenzake. Mwambie unajua.”

Akanirudishia.

“Hapana. Nikisema najua, itakuwa imekwisha. Hataniaga tena. Acha akuje, asimame mbele yangu, aseme yeye mwenyewe, na magoti yake na salamu yake. Halafu nitavaa viatu, na mi nitamusindikiza.” Akafikiri. “Na weye usimwambie kitu. Unasikia? Unajua kudanganya vizuri.”

Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu kwa kitu ninachoweza.

Alhamisi, 14 Agosti. Louisville.

Kazi. Mama alikuwa jikoni, nikamsikia kupitia ukuta: “Binti, kesho tupike nini?” Simu chini ya godoro ikatetemeka.

Sikwenda bafuni. Nilikwenda jikoni, nikasema, “Wali na maharage.” Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Jumapili, 17 Agosti

Ombeni amepiga. Amebadilisha maneno mara mbili, sasa ameweka na mstari wa Biblia. Mama alikuwa kando yangu, anamenya viazi, anatikisa kichwa kwa yale yasiyompendeza, na mimi nikimpa maoni yake kana kwamba ni yangu. “Ondoa Biblia,” nilisema. “Sema tu.” Mama akakubali kwa kisu.

Kwa hiyo bado nina siri, ila imegeuka upande. Wewe uliyefika hapa unaijua pia, na nakuomba unisaidie kuibeba hadi Oktoba. Ukikutana na kijana mrefu kutoka Louisville, kichwa kimenyolewa, ananong’ona peke yake kama mtu anayejifunza wimbo, usimwambie kwamba Mama anajua. Mwulize habari za kwao tu, kisha umwache aendelee kutafuta maneno yake.